Viti Vinavyotunyamazisha

Msomaji mpendwa, hebu weka gazeti chini kidogo utupe macho sebuleni mwako. Makochi yako yanaelekea wapi? Usinijibu bado. Kwanza nikusimulie habari za mjomba wangu.

Mzee huyu, kaka yake mama, alitujia Agosti iliyopita kutoka Lamu. Alikuwa na miadi ya kutolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja hapa Nairobi. Tulimpokea kwa shangwe. Mume wangu alimwachia kiti chake mwenyewe, kile kinachotazamana na runinga moja kwa moja, na katika nyumba yetu hiyo si heshima ndogo. Watoto walionywa wasibadilishe stesheni bila idhini ya mzee. Chai ya tangawizi haikukauka mezani.

Siku ya kwanza alikaa. Siku ya pili pia alikaa, lakini nilimwona akigeuka kila mara kumtazama anayezungumza, na kila alipogeuka alikuta mzungumzaji amekwisha kuyarudisha macho yake kwenye runinga. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, alichukua kigoda cha jikoni, akashuka nacho ngazi za ploti yetu orofa mbili, akakiweka kando ya lango. Alikaa hapo hadi magharibi.

Nilitahayari. Majirani wangesemaje? Kwamba tumemnyima mgeni kiti, tena mzee asiyeona vizuri? Nilimfuata nikamsihi apande. Akacheka.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa kwenu mwaketi safu moja kama abiria wa basi. Nitasema na nani? Na kisogo?"

Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimejivunia sebule ile, na mkopo wa makochi yenyewe nilikuwa bado naulipa. Lakini nilipopanda juu nikasimama mlangoni na kuitazama kama mgeni, niliona mzee hakukosea. Kila kiti kilikuwa kimeielekea runinga. Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba katika nyumba hii watu wasitazamane. Tulinunua runinga, tukaipa ukuta mkubwa, na viti vikafuata vyenyewe. Kisha sisi nasi tukavifuata viti.

Siku hizi kuna taaluma nzima inayoshughulikia mambo haya. Wenyewe huiita usanifu wa tajriba. Ukiliondoa jina hilo kubwa, maana yake ni kwamba anayebuni mahali haulizi tu ukuta utasimama vipi na taa itaning'inia wapi. Anauliza pia: mtu akiingia hapa atahisi nini? Atageukia wapi? Atamsemesha nani? Atatoka na moyo gani?

Jina ni geni lakini jambo lenyewe ni la kale. Fikiria matanga ya kwetu Pwani. Viti hutolewa nje, mikeka ikatandikwa, watu wakakaa chini bega kwa bega. Hakuna anayesimama kutangaza kwamba tuteremshe sauti, au kwamba leo tajiri na maskini ni sawa. Mkeka umekwisha kusema. Wiki moja baadaye watu wale wale, katika ukumbi ule ule wenye taa za rangi na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, wanapiga vigelegele.

Wataalamu nao wamelichunguza. Katika miaka ya 1950, daktari wa maradhi ya akili aitwaye Humphry Osmond alikuwa akisimamia hospitali ya Weyburn, katika mkoa wa Saskatchewan kule Kanada. Osmond aligundua kwamba kuna mahali panapowavuta watu wakaribiane na mahali panapowatawanya, na mfano wake wa hapo pa kutawanya ulikuwa stesheni ya reli. Katika hospitali hiyo palikuwa na wodi ya wanawake wakongwe iliyotengenezwa ikapendeza, yenye rangi nzuri na viti vipya. Ajabu ni kwamba ajuza wale walikuwa wakikaa kimya kama waliogombana.

Mwanasaikolojia Robert Sommer aliichunguza wodi hiyo akaona viti vyote vimepangwa kando ya kuta. Ukitaka kuzungumza na jirani ilikubidi upinde shingo, na aliye upande wa pili alikuwa mbali mno. Ni mpango unaompendeza anayefagia, si anayekaa. Basi zikaletwa meza ndogo, viti vikazizunguka. Mwanzoni mageuzi hayo hayakupokelewa vizuri, kwa maana mtu huzoea hata kinachomdhuru. Lakini baada ya wiki kadhaa mazungumzo yaliongezeka mno. Wanawake walikuwa wale wale na maradhi yao yale yale. Kilichohama ni viti tu.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mjomba na kigoda chake. Yeye amezaliwa mahali ambapo jambo hili lilifikiriwa zamani sana, likajengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukifika Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, tazama milango ya nyumba kubwa. Mbele ya mlango kuna daka, yaani kibaraza chenye paa, na pande zake mbili kuna viti vya mawe vilivyoungana na ukuta. Anayepita njiani anaweza kuketi hapo, akanong'ona au akacheka na mwenye nyumba bila kuingia kwake. Akikaribishwa ndani, hufika kwanza kwenye tekani, na njia hapo hupinda, hivyo kwamba hata mlango ukiachwa wazi aliye nje haoni kiwanda wala walioko ndani. Mgeni wa kulala ana sabule yake. Kwa hiyo nyumba yenyewe inamfundisha mtu adabu: huyu anaishia hapa, yule anafika pale, na hakuna anayefukuzwa.

Nisiipambe mno, kwa sababu mama yangu alinikosoa nilipomsomea aya hiyo. Baraza, alinikumbusha, lilikuwa la wanaume. Wanawake walipitia juu, kwenye wikio, vile vyumba vinavyovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, ili watembeleane bila kuonekana barabarani. Aliyezipanga nyumba zile aliamua nani azungumze na nani, na vilevile nani asionekane. Kila mpango una aliyeupanga, na huyo ana faida zake.

Baada ya kulielewa hilo sikuweza tena kuingia mahali bila kupakagua. Siku ya tano tulimpeleka mzee hospitalini. Sitaitaja, kwani madaktari wake walifanya kazi njema na jicho sasa linaona. Lakini pale mapokezi! Palikuwa na kioo kikubwa, na katika kioo hicho fundi alitoboa tundu la kusemea, akaliweka usawa wa kitovu cha mtu mzima. Karani amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, nasi tumesimama. Ili asikike ilimbidi mzee wa miaka sabini na minne ainame kama anayerukuu, atangaze umri wake, ugonjwa wake na kwamba hana bima, mbele ya watu arobaini waliokaa nyuma kwenye safu za viti vya chuma. Alipoinuka nilimwona akirekebisha kofia yake, ingawa haikuwa imepinda.

Karani hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mpole. Tundu ndilo lililotudharau.

Hapo tulingoja saa nne. Kungoja hakungekuwa kuzito hivyo kama tungejua tunangoja nini. Mlango ulifunguka, jina likaitwa kwa sauti, ukafungwa. Hakuna nambari iliyoonyesha umefikia wapi, wala saa ya ukutani. Mama mmoja kando yangu aliogopa kwenda msalani asije akaitwa akikosekana, naye alikuwa na mimba kubwa. Na hili si jambo gumu kulirekebisha. Serikali yetu yenyewe ilipofungua vituo vya Huduma kuanzia mwaka 2013, iliweka kaunta za wazi badala ya vijidirisha, pamoja na mashine za kutoa nambari za foleni. Waliowahi kutafuta vyeti katika ofisi za zamani, kwa kusukumana dirishani huku umekishika kibeti kwa mikono miwili, wanajua tofauti. Wafanyakazi ni wa serikali ile ile. Lakini mtu akishajua kwamba yeye ni wa arobaini na tatu na sasa inaitwa thelathini na tisa, hana haja ya kumpiga mwenzake kumbo.

Kuhusu hospitali, msomaji, kuna habari mbili ninazopenda kuwasimulia watu. Ya kwanza ni ya Mmarekani Doug Dietz, msanifu wa kampuni ya General Electric, aliyebuni mashine za MRI, zile kubwa za kupiga picha za ndani ya mwili. Siku moja alikwenda hospitalini kuona kazi ya mikono yake, akakuta mtoto wa kike akielekezwa kwenye mashine huku analia. Kwa macho ya yule mtoto kitu kile kilikuwa shimo lenye kishindo. Dietz alikuja kujua kwamba watoto wengi hulazimika kupewa dawa ya usingizi ili watulie ndani yake. Hakuibadili mitambo. Alibadili chumba. Katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh mashine ikachorwa kuwa jahazi la maharamia, sakafu ikawa gati, na muuguzi akapewa hadithi ya kumsimulia mtoto, kwamba alale tuli maharamia wasimwone. Haja ya dawa za usingizi ilipungua sana.

Ya pili ni ya Roger Ulrich, aliyeandika katika jarida la Science mwaka 1984. Alichambua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania za kati ya 1972 na 1981, akawalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kutolewa kibofu cha nyongo. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu nyingine yalitazama ukuta wa matofali. Wa miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96, wa ukuta siku 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa ni wachache, nakubali, na mti hauponyi uvimbe. Hata hivyo, nikikumbuka maploti yetu ya mitaa ya Nairobi, ambako ukifungua dirisha la chumba cha kulala unakutana na dirisha la bafu la jirani, najiuliza tunailipa gharama hiyo wapi.

Usidhani kwamba elimu hii hutumiwa kwa wema peke yake. Wafanyabiashara waliijua kabla ya madaktari. Katika supamaketi nyingi maziwa na mkate viko mwisho kabisa, ili ukifuata pakiti moja ya maziwa upite kwenye mabiskuti yote ya dunia. Peremende ziko kando ya keshia, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minne, mahali hasa ambapo foleni imekubana huwezi kumtoa. Ukitoka hapo umemkaripia mtoto, nawe umetumia pesa usizokusudia kutumia.

Na matatu je? Manyanga ya miaka ya tisini, ambayo vijana wa leo huyaita nganya, ni usanifu wa tajriba kama nimewahi kuuona. Kijana wa chuo huliacha gari tupu liende, akangoja lenye michoro, taa za buluu na muziki unaotetemesha vioo, ilhali yote yanafika mahali pamoja. Hanunui safari tu, ananunua dakika arobaini za kujiona mtu wa maana. Sheria za mwaka 2004, zile zilizoitwa kwa jina la waziri John Michuki, ziliyavika magari mstari wa njano na mikanda ya usalama, na michoro ikafutwa. Mwaka 2014 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akawatetea vijana wanaoyachora. Mimi ninamuunga mkono mchoraji. Mwenye spika ndiye ninayegombana naye, kwa sababu mchoro naweza kuufumbia macho lakini sikio halina kope. Na umewahi kuona watu wawili wakizungumza ndani ya nganya?

Sasa nirudi langoni, kwa maana sijakueleza lililonifanya niandike haya.

Siku ya saba mjomba, jicho likiwa limefunikwa, alishuka tena na kigoda chake. Soja wa ploti alikuwa amekwisha kuwa rafiki yake, mama mboga vilevile. Nilimtuma mwanangu wa kwanza ampelekee chai. Mwanangu huyu yuko shule ya upili ya bweni, na likizo nzima alikuwa kama kivuli. Ukimwuliza shule vipi, anasema poa. Ukimwuliza tena, anasema poa, macho kwenye runinga. Baba yake alisema ni umri. Mimi nilikubali kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali.

Hakurudi na kikombe. Nilichungulia dirishani nikamwona amekaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi, kando ya kigoda cha mzee, wote wawili wakiitazama barabara. Giza liliingia wakiwa hapo.

Usiku mzee alituita mimi na mume wangu. Alitueleza kwamba kijana hajalalia godoro lake muhula mzima. Wanafunzi wakubwa hulichukua kila jioni, na yeye hutandika sweta juu ya mbao. Pesa za matumizi tulizompa zilichukuliwa wiki ya kwanza. Alikuwa anahesabu siku za kurudi, naye alikuwa anafikiria kutorudi na kutotuambia amekwenda wapi.

Msomaji, nilikaa naye mtoto huyu sebule moja wiki mbili. Tulikula pamoja. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua tatu, na hakuna usiku nilioutazama uso wake kwa dakika nzima.

Utaniuliza mbona ajuza wa Weyburn walinyamaza wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu, na hawa wawili wakafunguka wakiwa wamekaa vivyo hivyo. Nami nilijiuliza. Nadhani ni barabara. Mbele yao palipita watu, mkokoteni, paka, mtoto na baiskeli, na kila kipitacho huzaa neno. Halafu kijana mwenye siri nzito hataki kukodolewa macho. Anataka mtu karibu, mwenye muda, anayetazama kwingine. Runinga nayo hutazamwa ubavu kwa ubavu, lakini runinga husema yenyewe na haimpi mtu nafasi.

Mume wangu alikwenda shuleni Jumatatu iliyofuata. Mambo hayakwenda upesi kama tulivyotaka, lakini kijana amehamishwa bweni, na kila wikendi ya wazazi mmoja wetu hufika bila kukosa.

Nyumbani nilivuta makochi mawili yakaelekeana, meza katikati. Runinga imebaki pale pale, sasa inatazamwa kwa pembeni. Mume wangu analalamika shingo. Arsenal ikicheza anakigeuza kiti chake, nami sisemi kitu, ila kipenga cha mwisho kikilia namkumbusha akirudishe, na mara nyingine husahau. Mdogo wetu wa darasa la nne amegundua kwamba sasa anaonekana na kila mtu akipiga uongo, na hilo hakulipenda.

Miadi ya jicho la pili la mjomba imekaribia. Kigoda chake hakijarudi jikoni, kwani soja alikiomba. Juzi nikitoka kazini nilimkuta mama mboga amekikalia akichambua sukuma wiki, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amejiletea kiti chake.